Joto la Vifaranga Wangu

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu la muhula huu nipate kuwaeleza wanafunzi wenzangu, walimu na wazazi wetu habari moja iliyonipata nyumbani kwetu Bisibo, wilaya ya Biharamulo. Si habari ya kujisifu. Kwa muda mrefu niliificha kwa kuona haya, lakini muhula uliopita nilimsikia mwenzangu mmoja bwenini akisema kwamba likizoni atafuga vifaranga, naye atawaweka chumbani anamolala pamoja na jiko la mkaa ili wasipate baridi. Niliposikia hivyo moyo ulinipiga kwa nguvu, nikaona kwamba kuendelea kunyamaza ni kosa la pili.

Mwaka 2023, nilipokuwa Kidato cha Pili, nilirudi nyumbani kwa likizo ya mwezi wa Juni. Kwetu tunakaa na bibi, mama yake baba, pamoja na mdogo wangu wa kiume ambaye wakati ule alikuwa na umri wa miaka tisa. Bibi alikuwa ameuza mbuzi. Akaniita barazani akaniambia, "Mjukuu wangu, fedha hii nikiila itakwisha. Wewe ndiwe msomi wa nyumba hii. Tafuta jambo la kuizalisha, mwakani ikufae kwa madaftari na sare."

Nikamjibu, "Bibi, tununue vifaranga."

Basi nikaenda mjini Biharamulo, nikanunua vifaranga 40 wa kuku chotara, wa siku moja, kila mmoja kwa shilingi 1,500, jumla shilingi 60,000. Nikarudi nao ndani ya boksi lenye matundu, nimelipakata njia nzima kama mtu aliyebeba mayai.

Kuku wa kienyeji akitotoa, kazi ya joto huifanya mwenyewe. Huwakusanya wanawe chini ya mabawa, nasi wanadamu hatuna la kufikiri. Lakini kifaranga aliyenunuliwa dukani hana mama. Mwilini ana malaika tu, manyoya yenyewe hayajaota, na katika siku zake za mwanzo hawezi kujitengenezea joto la kumtosha. Wataalamu husema kwamba katika juma la kwanza ahitaji joto la nyuzi 32 hata 35 za Selsiasi, kisha joto lipunguzwe nyuzi kama tatu kila juma, mpaka aote manyoya. Hayo niliyajua hata wakati ule, maana nilikuwa nimeyasoma. Nisichokijua ni namna ya kulipata joto lenyewe pasipo kuleta mauti.

Mwezi wa Juni kwetu ni kiangazi, na usiku wake una baridi inayomfanya mtu mzima ajikunyate. Tena nje kuna nguchiro na vicheche, ambao kwao kifaranga ni andazi. Kwa hiyo niliwaweka vifaranga katika chumba nilicholala na mdogo wangu. Nilifunga dirisha, nikaziba ufa wake kwa kitambaa kikuukuu, nikaleta jiko la mkaa nikaliweka kando ya boksi lao. Nilikuwa mwangalifu, au ndivyo nilivyodhani. Kila jioni nililiwasha jiko uani, nikangoja moshi wote uishe na mkaa ushike vema, ndipo nikaliingiza ndani. Wazee husema pafukapo moshi pana moto. Mimi nililigeuza neno lile kichwani mwangu, nikaamini kwamba pasipofuka moshi hapana hatari.

Usiku wa kwanza na wa pili ulipita salama, kwa kuwa mkaa ulikuwa kidogo na ulizimika mapema. Usiku wa tatu baridi ilizidi, nami nikajaza jiko mpaka juu. Tukalala.

Yaliyofuata nayasimulia kwa maneno ya bibi, maana mimi sikuyaona. Bibi hulala chumba cha pili, na ukuta ulio katikati ni wa udongo. Tangu vifaranga waje alikuwa akilalamika kwamba hawamwachi kulala kwa kelele zao, kwani kifaranga hata akisinzia hulialia. Usiku ule alishtuka akaketi kitandani, asijue kilichomwamsha. Akasikiliza. Hakusikia kitu. Hapo ndipo alipotambua kwamba kilichomwamsha ni kimya. Akaita jina langu mara mbili, nisiitike. Akaja akausukuma mlango, akatuburuta mmoja mmoja mpaka uani.

Mimi nilipozinduka nilikuwa nimelala juu ya umande, kichwa kinagonga kama kinu, na miguu haina nguvu. Mdogo wangu alitapika, kisha akalala tena, akiitwa haitiki. Bibi alikuwa amempakata, anamwita kwa majina yote aliyopata kumwita tangu kuzaliwa. Jirani mwenye pikipiki akaja, tukampeleka zahanati usiku huohuo. Muuguzi hakuuliza maneno mengi. Aliuliza, "Mlilala na jiko ndani?" Nikasema, "Ndiyo." Akanitazama tu, akaendelea na kazi yake.

Mdogo wangu alipona, namshukuru Mungu. Kwa muda wa siku mbili aliumwa kichwa, kisha akarudi kwenye michezo yake. Vifaranga waliokufa ni 31. Tisa waliosalia walikuwa kwenye kona iliyoelekea mlango, ambako chini ya ubao palikuwa na uwazi wa vidole viwili. Uwazi ule nilikusudia kuuziba kesho yake.

Shule ilipofunguliwa nilimwendea mwalimu wetu wa biolojia, nikamweleza yote. Alinifundisha kwamba mkaa unaoungua mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho kama moshi. Mtu akiivuta huingia katika damu, ikang'ang'ania himoglobini, yaani ile chembe ibebayo oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Basi damu huzunguka mwilini lakini haibebi uhai. Mtu huanza kuumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, kisha hulegea; na akiwa amelala hupita kutoka usingizini kwenda mautini pasipo kuamka. Dawa ya kwanza ni kumtoa kwenye hewa safi bila kukawia na kumpeleka kwa tabibu, kwa kuwa aliyezidiwa huhitaji kupewa oksijeni.

Akaniambia jambo jingine ambalo sitalisahau. Sisi wa Biharamulo tunawajua wachimbaji, maana wilaya yetu ina dhahabu. Huko Uingereza wachimba makaa ya mawe walikuwa wakishuka mgodini na ndege wadogo ndani ya vizimba. Shauri hilo lilitolewa na mwanasayansi John Scott Haldane katika miaka ya 1890, na ndege hao waliendelea kutumika hata mwaka 1986, vilipochukua nafasi yao vyombo vya umeme. Ndege mdogo huvuta hewa upesi, na gesi humpata kabla ya mtu. Wachimbaji walipomwona analegea walijua kwamba wana dakika chache za kukimbia. Vifaranga wangu walikuwa ndege wa mgodini, ila mimi mchimbaji nilikuwa nimelala. Aliyekuwa macho ni bibi.

Kisha mwalimu akanitoa nje, tukasimama karibu na miamba iliyo nyuma ya madarasa. Juu ya jiwe palikuwa na mjusi mkubwa anaota jua. Mwalimu akasema, "Mtazame huyu." Tulimtazama kwa muda. Jiwe lilipozidi moto, mjusi aliteremka akaingia kivulini. Baadaye akarudi tena juani. Mwalimu akanieleza kwamba mjusi hana joto lake mwenyewe, hulipata kwa jua na mawe, na kwamba kazi yake kubwa mchana kutwa ni kuchagua. Akasema kwamba huko Australia kuna mjusi mwenye ndevu za miiba shingoni, wa jamaa moja na mijusi wetu hawa wa mawe, na kwamba watu wa Ulaya na Marekani humfuga nyumbani ndani ya kasha la kioo. Wafugaji wake wenye akili humwekea upande mmoja wa moto na upande mwingine wa baridi. Tena humpa taa mbili: moja ya joto, na ya pili ya kutoa miale ya urujuanimno kama ile ya jua, kwani asipoipata mwili wake hautengenezi vitamini D, na mifupa yake hulegea. Joto na nuru ni mambo mawili, wala moja halishiki nafasi ya jingine.

Maneno hayo yalinifungua macho. Nilielewa kwamba kosa langu halikuwa la jiko peke yake. Nilikuwa nimewapa vifaranga, na mdogo wangu, na nafsi yangu, joto ambalo hakuna aliyeweza kulikimbia. Joto lililo salama ni lile ambalo kiumbe anaweza kuondoka akaliacha.

Tangu siku ile nilianza kupima kila njia ya joto kwa kipimo hicho, nami nataka kuzieleza kwa ufupi.

Jiko la mkaa nimekwisha kulisema. Wako wanaolitumia katika banda la kuku lililo mbali na nyumba, lenye madirisha ya wavu juu, wakilifunika kwa chungu ili kifaranga asiungue. Hilo ni jambo jingine. Lakini katika chumba cha kulala mtu, jiko lisiingie kamwe, liwe na moshi au lisiwe nao.

Taa ya chemli na kibatari watu wengi huvitumia kwa kuwa vinatoa joto na nuru pamoja. Lakini vifaranga hutandikiwa maranda au pumba kavu, na taa ikipinduka juu ya maranda, banda lote huwa tanuri. Nayo mafuta ya taa yakiungua mahali palipozibwa huharibu hewa vilevile.

Umeme ni mzuri kwa aliye nao, lakini una mtego wake. Baba yangu mdogo ana duka lenye umeme, naye aliwahi kununua balbu ya LED kwa ajili ya vifaranga wake. Nilipokwenda kumwamkia niliwakuta wamerundikana chini ya balbu inayong'aa kama jua, nao wanatetemeka. Nilinyosha mkono wangu, nikaona kwamba nuru ipo ila joto hakuna. Balbu za zamani, zenye uzi wa chuma ndani, hugeuza zaidi ya sehemu tisa katika kumi za umeme kuwa joto, ndiyo maana zilifaa kwa vifaranga. Balbu za LED zimetengenezwa zisipoteze umeme kwa joto. Ni sifa njema sebuleni, lakini kwa kifaranga ni mauti yenye mwanga. Anayetaka kutumia umeme na atafute taa ya joto iliyokusudiwa wanyama, aining'inize kwa mnyororo wala si kwa waya wake wa umeme, aizungushie wavu ili ikianguka isiguse maranda, na aweke tayari njia nyingine ya joto kwa usiku ambao umeme utakatika.

Niliporudi likizo ya Desemba, wale kuku tisa walikuwa wakubwa. Tuliuza majogoo sita kwa shilingi 15,000 kila mmoja, tukapata shilingi 90,000, tukabaki na matetea matatu. Nilidhani bibi atakataa vifaranga wasiingie tena kwake. Badala yake aliniuliza, "Umejifunza nini huko shuleni?" Nikamweleza habari ya mjusi. Akacheka sana, kisha akasema, "Haya, tujaribu. Lakini usiku moto wowote utakaa jikoni, wala hautavuka kizingiti."

Nikanunua vifaranga 30. Tulitengeneza kasha la mviringo kwa mabati mafupi, kwa sababu kasha lenye pembe huwafanya vifaranga warundikane pembeni wakakanyagana na kukosa pumzi. Pembeni tulipanga majani makavu yaliyofumwa ndani ya magunia, unene wa shibiri moja, ili joto lisitoroke. Kasha la namna hiyo, lenye kutumia nyasi kavu na joto la vifaranga wenyewe, limejaribiwa pia na watafiti nchini Ethiopia. Sisi tuliongeza madumu matatu ya lita tano yenye maji moto, kila moja limeviringishwa gunia, tukayaweka upande mmoja tu wa kasha. Maji yakichemka tuliyaacha kwanza yapoe kidogo, kwani maji yanayotokota hulegeza plastiki. Upande wa pili tuliuacha bila kitu, tukaweka chakula na maji ya kunywa. Juu tulifunika kwa gunia jepesi, na robo ya kasha ikaachwa wazi kwa ajili ya hewa. Nuru tuliipata kwa taa ndogo ya jua, iliyotosha vifaranga wakione chakula.

Mwalimu alikuwa ameniazima kipimajoto, nikakitia sahihi katika daftari la maabara. Karibu na madumu kilisoma nyuzi 33, na upande wa pili nyuzi 26. Lakini baada ya siku chache nilikuwa nakitazama mara chache, kwa maana vifaranga wenyewe walikuwa kipimajoto. Wakirundikana juu ya madumu na kulia kwa sauti kali, wana baridi. Wakikimbilia mbali na kutweta midomo wazi, wana joto. Wakijikusanya wote upande mmoja usio na madumu wala chakula, ujue kuna upepo unaopenya mahali. Wakitawanyika kila mahali, huyu anakula, huyu anakunywa, huyu amelala ubavu na mguu ameunyosha, hapo mfugaji naye aende akalale.

Kulala kwenyewe kulikuwa kwa zamu. Saa mbili usiku mimi nilibadili maji. Saa sita nikabadili tena. Zamu ya saa kumi alfajiri aliichukua bibi, akisema kwamba mzee hana usingizi wa kupoteza. Kazi hii inachosha, sitawadanganya. Kuna usiku mmoja wa mvua niliotaka kuacha. Nikamtazama mdogo wangu amelala, nikainuka. Mchana jua likitoka tuliwatoa uani ndani ya tenga, nusu juani na nusu kivulini, nao wakachagua kama yule mjusi.

Katika vifaranga 30 walikufa wawili. Wale 28 walikua wote. Fedha yao ndiyo iliyoninunulia sare niliyoivaa ninapoandika maneno haya, nami sasa niko Kidato cha Nne.

Wenzangu, wengi wetu likizoni hupewa na wazazi mradi wa kuku, na ni jambo jema. Nawaomba mambo matatu. La kwanza, msilale chumba kimoja na mkaa unaoungua, wala kwa vifaranga, wala kwa baridi yenu wenyewe, wala kwa sababu mvua inanyesha jikoni. La pili, msinunue taa kwa kutazama mwanga wake. Ulizeni kama inatoa joto, na mkono wenu ushuhudie. La tatu, mpeni mnyama upande wa moto na upande wa baridi, halafu mtazameni yeye. Hana maneno, lakini hasemi uongo.

Nanyi wazazi, mkimwona mtoto ameziba nyufa za dirisha ili joto lisitoke, msimsifu kwa bidii yake kabla ya kuuliza ndani mna nini.

Yule mwenzangu wa bwenini nimemweleza haya yote kwa mdomo kabla ya kuyaandika. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza bei ya madumu.

Bibi yangu yu hai na ana nguvu. Vifaranga wakiwapo nyumbani halalamiki tena kwa kelele zao. Husema kwamba zikimfikia usiku, hugeukia upande wa pili akalala.